Mwewe Wanono Hawafi Njiani

Nilistaafu miezi miwili iliyopita, na vijana wa biro, yaani ofisi yetu, wamenifuata nyumbani mara tatu wakitaka niwaandikie maneno ya kazi. Nadhani walitegemea niwaeleze namna ya kupanda vyeo. Nilipanda kimoja tu, tena siku ambayo aliyestahili alikuwa mgonjwa, kwa hiyo hapo sina la kuwafundisha. Nitawaandikia habari ya mwewe, kozi na tai wanaotoka kaskazini ya mbali kila mwaka na kufia huku kwetu, na jinsi nilivyoandika vibaya, kwa mwandiko mzuri sana, mahali wanapofia. Nawaambia mapema kwamba jambo hili lilinishtua na mpaka leo sijapoa. Nikiwa namenya mihogo mkono unasimama wenyewe, na mume wangu anajua ninawaza nini.

Nilianza kazi Kasongo, katika biro yetu ya misitu na wanyama, chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja likiwa na kioo. Shefu wangu alikuwa Mzee Kalonda, Mubangubangu wa Kabambare, mtu mfupi asiyevua kofia hata ndani ya nyumba. Mimi ni mtoto wa mjini, wa jamaa ya Waislamu wauza vitambaa, na siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino ili nionekane mtu wa serikali. Aliviangalia viatu muda mrefu kuliko alivyoangalia barua yangu.

"Mama Mwamini," akasema, "hapa kazi iko ya kutembea. Hivi viatu iko vya kukaa."

Kisha akafungua gunia, akaweka juu ya meza mwewe aliyekufa siku tatu kabla. "Mupime."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kazi. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: mizani ya kuning'iniza kwa ndoano, kioo cha kukuzia, kopo la chumvi, vipande vya makaa na rejista. Rejista ilikuwa na safu saba: tarehe, jina la aliyeleta, fasi, yaani mahali, aina ya ndege, uzito, pete, na sababu ya kifo. Baadhi ya ndege hao huvalishwa pete ndogo ya chuma mguuni huko wanakozaliwa, na maandishi yake huliwa na mchanga na maji. Mzee Kalonda alinifundisha kuweka karatasi nyembamba juu ya pete na kusugua kwa makaa mpaka namba zijitokeze. Nimejaribu vioo vya kila aina tangu hapo, na bado makaa yanashinda.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kifua. "Usianze na pete," alisema. "Pete ni ya wazungu. Anza na kifua." Ukipitisha kidole katikati ya kifua cha ndege utakuta mfupa. Ukiwa umechongoka kama kisu, ndege huyo alikula akiba yake yote angani, akafa kwa njaa na uchovu. Ukiwa umezama ndani ya nyama, hakufa kwa safari. Kuna kitu kimemuua, na kazi yako ni kukitafuta. Niliyaelewa maneno hayo siku ileile. Niliyarudia kwa wengine miaka mingi. Kuelewa na kutii ni watu wawili wasiosalimiana.

Pete yangu ya kwanza ilitoka kwa mvuvi wa Lualaba. Alileta mwewe mweupe tumboni, wa aina ile inayojitupa majini kuvua samaki, ambaye alinaswa kwenye nyavu zake. Nilisugua makaa, nikanakili namba, tukatuma barua. Jibu lilikuja baada ya miezi minane. Waliandika kwamba ndege huyo alivalishwa pete akiwa bado kinda, kando ya ziwa ambalo wakati wa baridi huganda mpaka watu wanatembea juu yake. Niliisoma barua mara mbili. Ndege aliyezaliwa kando ya maji magumu alikuwa amekuja kufa Kasongo, na mimi nilikuwa nimekula mihogo yangu ya mchana karibu naye bila heshima yoyote. Toka siku ile nikawa mtu wa ndege.

Mzee Kalonda alipenda kwenda kuona kila fasi kwa macho yake. Mtu akileta ndege na kusema ameokotwa mahali fulani, mzee alitoa baiskeli yake, akaenda hata siku nzima. Aliporudi alikuwa na matope mpaka magotini na mara nyingi fasi ilikuwa imebadilika. "Ndege haina sababu ya kudanganya," alizoea kusema. "Mutu iko nayo." Alipostaafu nikabaki na rejista, na mwaka uliofuata nikahamishiwa Kabambare. Kwenda kuona fasi niliacha. Kwanza niliacha kwa sababu ya vita, maana miaka ile hata kwenda kisimani ilikuwa shauri. Vita vilipopungua niliendelea kuacha, kwa sababu ya uvivu uliokuwa umevaa nguo za vita. Barabara ni mbaya, nilisema, pikipiki haina mafuta. Watu walileta ndege na pete biroani siku ya soko, tukawapa mche wa sabuni kwa kila pete, nami nikauliza kwa adabu: "Fasi gani?"

"Ku njia," walijibu. Njiani.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mzaliwa wa huku analijua bila kuambiwa, na ambalo mimi wa mjini nililijua nusu. Upande ule kila kichuguu kina mwenyewe. Mtu anarithi kichuguu kama anavyorithi michikichi, na mvua za kwanza zikinyesha anakifyekea nyasi, anakijengea kibanda cha majani ya migomba na kuchimba shimo la kukamatia kumbikumbi. Kuna kumbikumbi wanaoruka mchana, mara tu mvua inapokatika, na hao ndio ndege wageni wanaowafuata. Wanafika kutoka kaskazini na njaa yao, wanakuta meza imeandaliwa. Sasa, ukimwambia mtu kwamba kiumbe kimekufa kwenye kichuguu chake, hujamwambia habari. Umemshtaki. Umesema kwamba analisha kitu cha uchawi pale. Kwa hiyo aliyeokota ndege kwenye kichuguu cha jirani, aliyemuua kwa manati, hata aliyemkuta ndani ya shamba lake mwenyewe, wote walisema njiani, ambako hakuna mwenyewe.

Nami niliandika. Mwaka baada ya mwaka nikaandika njiani, na kila njiani nikaiwekea nukta nyekundu kwenye ramani niliyoichora kwa mkono na kuitundika ukutani. Nukta zilifuata barabara ya Wamaza vizuri sana, zikasongamana penye kivuko cha Luama. Nikatoa maelezo yangu: ndege hawa wanachoka, wanafuata uwazi wa barabara, wakifika mtoni nguvu zinakwisha, wanaanguka. Wageni kutoka makao makuu yetu Kindu waliisifu ramani. Mmoja aliipiga picha. Nyinyi wenyewe, vijana wangu, niliwafundisha kwa ramani ile, na kama mnakumbuka nilitumia fimbo.

Kisha vikaja viwavi vya mahindi. Mtakumbuka msimu ule ambao shamba lilikuwa bichi Jumatatu na matundu matupu Ijumaa. Mradi mmoja ulileta dawa, poda ya kijivu yenye harufu ambayo ikikuingia puani inakaa wiki. Biro ya kilimo haikuwa na watu wa kutosha, tukaombwa kusaidia, nami nikaenda vijijini na makopo. Niliwaambia watu wachanganye na maji, wanyunyize mahindi, wafunike pua, wafiche watoto. Niliyasema mara moja kila kijiji, kwa sauti kubwa, nikapanda pikipiki nikaondoka. Kilichofanywa na poda iliyobaki sikuuliza.

Msimu wa mvua uliotangulia kustaafu kwangu, tulipigiwa simu kutoka Kindu. Kulikuwa na mwewe aliyebeba kijisanduku mgongoni, chombo kidogo kinachokula jua na kusema kila siku ndege yuko wapi. Siku sita kilikuwa hakijasogea. Walinitumia namba za mahali pale kwenye simu, wakaniomba niende kuokota chombo. Nilifurahi. Nilijua nitamkuta kwenye barabara ya Wamaza, na nikachukua nakala ndogo ya ramani yangu ili niweke nukta papo hapo.

Dereva wangu wa pikipiki alikuwa Sadiki, ambaye barabara ile anaijua shimo kwa shimo. Tulipofika mahali nilipotegemea, simu ilituambia tuiache barabara. Tukafuata njia ya mguu karibu saa nzima, tukiisukuma pikipiki, tukapita kijiji ambacho jina lake sitaliandika hapa. Liko ndani ya rejista, na humo ndimo mnapaswa kulisoma. Simu ilisimama mbele ya kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, na mwanamke wa miaka kama thelathini na tano alikuwa akipalilia mihogo karibu yake. Jina lake Feza.

"Mama, mnatafuta nini ku kichuguu yangu?"

"Tunatafuta ndege moja, iko na kasanduku ku mugongo."

"Hapa hakuna ndege."

"Mama, simu inasema iko hapa," akasema Sadiki.

"Simu ni mutu wa hapa?"

Ningecheka, lakini upepo uligeuka nikasikia harufu. Nyuma ya kichuguu kulikuwa na shimo la zamani la kutolea udongo wa matofali, limefunikwa nusu kwa majani makavu ya migomba. Niliyainua. Vijana wangu, nilifanya kazi hii tangu nikiwa msichana na sikuwahi kuona kitu cha namna ile. Walikuwa wamelala mmoja juu ya mwenzake, mwewe, kozi, na tai mmoja mdogo mabawa yakiwa wazi, na chini yao wengine waliobaki manyoya, na chini ya hao mifupa ya misimu iliyopita. Nilihesabu mpaka thelathini, kisha nikashindwa kuendelea. Wa juu kabisa alikuwa na kijisanduku mgongoni, kioo chake kidogo bado kikiangalia jua.

Nilimshika wa kwanza kifuani. Nyama tele. Wa pili hivyo hivyo. Mfuko wa shingoni ulijaa kumbikumbi mpaka mdomoni na makucha yalikuwa yamejikunja kwa nguvu hata sikuweza kuyafungua. Kisha nikaona, kuzunguka shingo ya kichuguu, mstari wa poda ya kijivu. Sikuhitaji kuinama kunusa. Makopo yale nilikuwa nimeyabeba mimi.

"Feza," nikamwuliza, "hii dawa inafanya nini hapa?"

"Iko ya siafu," akajibu, na alijibu bila woga, kwa sababu hilo hakuliona kuwa kosa. "Siafu inakulaka kumbikumbi mbele yetu. Tunaweka kidogo, kando-kando. Watu wote iko nafanya vile."

"Na zile kumbikumbi munakula?"

"Tunachagua, tunasafisha na maji, tunachoma. Haina mubaya. Watoto tu ndiyo hawangojei, wanakulaka mubichi."

Akasimama hapo. Midomo yake ikarudia bila sauti, watoto ndiyo hawangojei, kisha jembe likaanguka na mikono yote miwili ikaenda mdomoni. Nimeona watu wakipokea habari za msiba. Sijawahi kuona mtu akijipa mwenyewe.

Aliketi kwenye tuta la mihogo, akanieleza. Misimu mitatu iliyopita binti yake Furaha, mwenye miaka mitano, alianza kutoka mate na kutetemeka siku moja ya kumbikumbi, na kesho yake akafa. Wiki ileile mwewe walikuwa wakianguka kwenye kichuguu, na kijiji kizima kiliwaona. Kichuguu kilikuwa cha mama mkwe wake, mjane aitwaye Mama Nyota. Watu wakaunganisha mambo mawili kwa namna yao: mama yule anaita ndege wa kifo, anawalisha pale, sasa amewapa mtoto. Walimfukuza kwa mawe siku ileile mtoto alipokufa. Feza alirithi kichuguu, na kila msimu ndege walipoanguka aliwaokota kabla watu hawajaamka vizuri, akawatupa shimoni.

"Mie mwenyewe nilisema ni yeye," Feza aliniambia. "Waliniuliza, nikasema ndiyo. Na sasa usiandike fasi yangu, mama. Andika ku njia. Kama unaandika hapa, wataniita mulozi pia."

Kwanza tulifanya la haraka. Sadiki alirudi Wamaza kumchukua mwuguzi mkuu wa kituo cha afya, na siku tatu tulizunguka kanisani, msikitini na sokoni tukisema poda isitumike tena, kumbikumbi wa msimu ule wasiliwe, mabaki ya dawa yaletwe. Mwuguzi alifungua rejista yake ya wagonjwa kutafuta watoto waliokuja wakitoka mate siku za kumbikumbi. Aliyoyakuta ni habari za watu na watoto wao, siyaandiki. Nitasema tu kwamba alivua miwani na hakuivaa tena jioni ile.

Kisha nikarudi Kabambare kufungua rejista yangu. Nilitaka kuona kama msimu aliokufa Furaha kuna mtu aliyeleta ndege kutoka upande ule. Niliupata mstari ndani ya dakika mbili, maana mwandiko wangu unasomeka. Mwewe wanne. Ulikuwa umeandikwa siku nne kabla ya mtoto kufa. Uzito: mkubwa, wote wanne. Fasi: njiani. Sababu: uchovu wa safari. Jina la aliyeleta: Mama Nyota.

Nilikaa chini, sakafuni, na kiti kilikuwepo.

Nilimkumbuka. Mwanamke mwembamba mwenye kikapu, aliyetembea siku mbili. Ndege wake hawakuwa hata na pete, kwa hiyo hakuwa amekuja kwa sabuni. Aliniambia wazi, bila kupepesa macho, neno ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia katika miaka yangu yote ya kazi: "Mama, hizi zinakufia ku kichuguu yangu. Kuna kitu pale. Mukuje kuangalia." Alijishtaki mwenyewe mbele ya serikali ili serikali ije iangalie. Na mimi, baada ya kuwapima mwewe wake kwa mikono hii na kuandika kwamba ni wanono, nilimshika mkono nikampeleka mbele ya ramani. Nilimweleza kwa upole, kwa fimbo, kwamba ndege hawa wanachoka njiani na wengine wanaanguka kwake kwa bahati tu. Aliangalia nukta nyekundu muda mrefu. "Kama ninyi wenye kusoma munasema ni safari, basi ni safari," akasema. Nikampa mche wa sabuni ingawa hakuwa na pete, na nakumbuka nilijiona mkarimu.

Ramani niliitoa ukutani siku ile. Mkiulizwa iko wapi, semeni Mama Mwamini aliichoma, ndivyo ilivyokuwa. Nukta zangu zote zilionyesha mahali watu wanapopita kwenda sokoni. Ndege hawakuhusika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imeendelea kwa miaka kumi na tisa na watu walisimama kuipiga picha.

Kumtafuta Mama Nyota kulinichukua wiki mbili. Nilikuwa nikiuliza kila kijiji, na kumbe alikuwa Kasongo, mtaa nilikozaliwa, kwa Mama Zuhura, mwuza unga ambaye mimi na yeye tulisoma madrasa pamoja. Mama Zuhura alimkuta sokoni miaka mitatu iliyopita akilala kwenye meza tupu, akampa chumba cha uani. Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya mihogo. Nilimwambia mimi ni nani, akasema ananifahamu, mimi ndiye mama wa ramani. Nikamwambia yote: shimo, poda, Furaha, mstari wangu.

Aliendelea kutwanga mpaka nikamaliza. Kisha akaweka mchi chini.

"Kwa hiyo haikukuwa mie."

"Haikuwa wewe. Wewe ndiye uliyekuja kusema, na mimi ndiye niliyekunyamazisha."

"Miaka tatu," akasema, "kila siku nilijiuliza kama mutu anaweza kuwa mulozi bila kujua. Nilifikia kusema labda ndiyo. Nilikuwa naogopa hata kubeba mujukuu wa Mama Zuhura."

Nilitaka kusema niwie radhi, na nilisema, lakini neno lenyewe lilitoka dogo mno hata nikaona aibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Yeye hakulipokea wala hakulikataa.

"Utaenda kusema vile kule," akaniambia. "Ku barza, watu wote wakiwa. Na kinywa yako, si karatasi."

Tulikwenda na pikipiki mbili. Mkuu wa kijiji aliita watu, na walikuja wote, kwa sababu walisikia aliyefukuzwa amerudi na mtu wa serikali. Mama Nyota alisimama nyuma yangu akiwa amejifunga kitenge kipya cha Mama Zuhura. Nilisema. Nilieleza poda, siafu, kumbikumbi wabichi, kifua cha ndege. Nilisema mama huyu alitembea siku mbili kuja kuwaokoa watoto wenu, na mimi nikamrudisha.

Mzee mmoja, kaka wa marehemu mume wa Mama Nyota, ndiye aliyewaongoza watu siku ya mawe. Aliinua mkono kwa adabu.

"Wewe ndiye ulituletea ile dawa?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Na ndiye uliandika ku njia?"

"Ni mimi."

"Basi mulozi iko serikali," akasema, akakaa. Mtu mmoja alicheka kidogo, akaona yuko peke yake, akaacha. Hakuna aliyesema tulikosea. Nilingojea mpaka miguu ikauma, na nilishtuka kuona jinsi watu wanavyoweza kunyamaza mbele ya mtu waliyempiga mawe. Mkuu wa kijiji aliagiza kiti kwa ajili ya Mama Nyota. Kililetwa. Hakukikalia.

Vijana wangu, rejista mpya iko kwenye sanduku la bati, na safu ya fasi nimeiongeza upana. Nendeni mkaone kwa miguu yenu. Sina maneno mengine ya kazi.

Pale barzani Mama Nyota aliwapita watu wote, akaenda kusimama mbele ya Feza, ambaye alikuwa amekaa chini kichwa kimeinama. Nilidhani atampiga. Naamini Feza pia alidhani hivyo, maana hakujikinga.

"Furaha mulimuzika wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba walimfukuza kabla ya maziko, na kwa miaka mitatu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyemwambia. Feza aliinuka. Walitangulia wawili hao, sisi tukafuata kwa mbali, mpaka nyuma ya nyumba, penye mihogo mirefu na kifusi kidogo kilichozungushiwa mawe.

"Ni hapa, mama."

"Siku gani?"

"Siku ya pili kisha wewe kuenda."

"Asubui ao mangaribi?"

"Asubui. Kulikuwa mvua kidogo."

Mama Nyota aliitikia kwa kichwa kila jibu. Alivua kitenge kipya, akakitandika juu ya udongo, akakaa. Kisha akamwambia Feza akae naye, na Feza akakaa.